Mbuzi wa kafara walikuwa wawili: kuielewa Yom Kippur

Karani mmoja akifukuzwa kwa ubadhirifu ambao ofisi nzima ilikuwa ikiujua, watu husema kafanywa mbuzi wa kafara. Timu ikifungwa mechi tano mfululizo na kocha akatimuliwa, magazeti nayo yataandika hivyo hivyo. Kila mtu anaielewa kauli hiyo: mmoja kabebeshwa mzigo wa wengi. Ni wachache wanaojiuliza mbuzi mwenyewe alikuwa nani, alibebeshwa nini na alipelekwa wapi.

Alitoka kwenye siku moja ya kalenda ya Kiyahudi, tarehe 10 ya mwezi wa Tishri, iitwayo Yom Kippur. Biblia ya Kiswahili huiita Siku ya Upatanisho. Sura ya 16 ya Mambo ya Walawi ndiyo inayoieleza, na ukiisoma taratibu unagundua jambo ambalo msemo wetu umelimeza: mbuzi walikuwa wawili. Waliletwa pamoja mbele ya hema wakapigiwa kura. Mmoja alikuwa wa Bwana. Huyo alichinjwa na damu yake ikaingizwa patakatifu. Wa pili alikuwa wa Azazeli. Kuhani mkuu aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa chake, akakiri juu yake makosa ya Waisraeli wote, kisha akapelekwa jangwani akiwa hai. Aliyechinjwa hakubebeshwa dhambi, na aliyebebeshwa dhambi hakuchinjwa madhabahuni. Sisi tumewaunganisha tukapata mnyama mmoja.

Neno lenyewe nalo lina habari yake. Kippur la Kiebrania na kafara yetu, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, ni matawi ya mzizi mmoja wa lugha za Kisemiti. Wataalamu wa lugha hawajakubaliana kama maana yake ya kwanza ilikuwa kufunika au kufuta. Yom nayo ni yaumu. Kwa sikio la mtu wa pwani, basi, Yom Kippur ni Yaumu ya Kafara tu, wala haihitaji mkalimani.

Ila ukaribu huo wa maneno unaweza kupotosha. Kafara kwetu ni kitu kinachotolewa ili balaa lipite pembeni: kuku, mbuzi, sarafu zilizotupwa njia panda. Mtu akisikia kwamba Wayahudi wana siku ya kafara, anadhani wanafunga siku moja, wanaomba, na madhambi ya mwaka mzima yanasafishwa kama sahani. Nami nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Sheria ya siku yenyewe inasema jambo jingine kabisa, na ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Kuhani asiyelala

Hata hivyo tuanzie Yerusalemu, Hekalu likiwa bado limesimama. Maelezo marefu ya siku hiyo yamo katika Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika karibu mwaka 200, kwenye kitabu kiitwacho Yoma. Kwa Kiaramu jina hilo maana yake ni "ile Siku". Hakuna aliyehitaji kuuliza siku gani.

Siku saba kabla, kuhani mkuu alitolewa nyumbani kwake akawekwa kwenye chumba maalumu Hekaluni. Naibu wake naye aliandaliwa, kuhani asije akapatwa na jambo dakika za mwisho. Wazee walimsomea utaratibu wa siku hiyo, wakimwambia: bwana kuhani mkuu, soma na wewe kwa kinywa chako, huenda umesahau, au huenda hukujifunza. Hayo maneno ya mwisho ni kijembe. Katika zama za mwisho za Hekalu cheo kile kilikuwa kikinunuliwa kwa fedha, na si kila aliyekikalia alikuwa msomi. Asubuhi ya mkesha walimsimamisha kwenye lango la mashariki wakampitishia ng'ombe, kondoo dume na wana-kondoo, ili awazoee. Jioni walimpunguzia chakula kwa kuwa shibe huleta usingizi. Akianza kusinzia usiku, makuhani vijana walimdatishia vidole na kumwambia asimame, akanyage sakafu ya mawe kwa miguu mitupu usingizi umtoke. Wazee walimwapisha kwamba hatabadili hata kitu kimoja katika waliyomfundisha. Hapo, inasema Mishna, yeye hugeuka pembeni akalia, nao hugeuka pembeni wakalia.

Kulipokucha kazi ilianza. Mara tano alizama majini mwili mzima, mara kumi aliosha mikono na miguu, akibadili mavazi ya dhahabu kwa kitani cheupe na kurudi. Ungamo la kwanza lilikuwa lake mwenyewe na la nyumba yake, juu ya ng'ombe aliyemtoa kwa mali yake. Likafuata la ukoo wa makuhani. Makosa ya watu yalikuja mwisho. Kila alipotamka lile Jina la Mungu lisilotamkwa ovyo, umati ulianguka kifudifudi. Kisha aliingia Patakatifu pa Patakatifu, mahali ambapo hakuna mwingine aliyeingia mwaka mzima, akiwa na chetezo cha makaa na ubani. Akitoka aliomba dua fupi. Ilikuwa fupi kwa makusudi: angekawia, watu wa nje wangedhani amefia ndani.

Na yule mbuzi wa pili? Alifungwa uzi mwekundu, akashikwa na mtu aliyeteuliwa, akatolewa mjini kuelekea jangwani. Njiani kulikuwa na vibanda kumi. Kwenye kila kibanda mpelekaji aliambiwa: chakula hiki hapa, maji haya hapa, ingawa ilikuwa siku ya kufunga. Kibanda cha mwisho kilipokwisha, wasindikizaji walisimama kwa mbali wakitazama. Yule mtu alimsukuma mbuzi kinyumenyume kwenye genge la mawe, na kabla hajafika nusu ya mlima alikuwa vipande vipande. Torati ilisema aachiliwe jangwani. Mishna haikutaka kubahatisha. Fikiria mbuzi aliyebebeshwa makosa ya taifa zima akirejea mjini jioni kutafuta maji.

Azazeli ni nani au ni nini? Wapo wanaosema ni jina la pepo wa jangwani, wapo wanaosema ni jina la hilo genge, na wapo wanaolikata neno mara mbili wakapata "mbuzi aendaye". Mjadala huo una umri wa miaka elfu mbili na hauoneshi dalili ya kwisha, kwa hiyo tuuache hapo.

Mwaka 70 Warumi waliliteketeza Hekalu. Hakuna tena madhabahu, hakuna chetezo, hakuna mbuzi. Inasimuliwa kwamba Rabi Yoshua alipita mbele ya magofu akiwa na mwalimu wake, Yohanan ben Zakkai, akalia: ole wetu, mahali palipotufanyia kafara pamebomolewa. Mwalimu akamjibu asihuzunike, ipo kafara nyingine iliyo sawa na ile, nayo ni matendo ya fadhili, akamkumbusha nabii Hosea: "Maana nataka fadhili wala si sadaka." Yom Kippur inayoadhimishwa leo imejengwa juu ya jibu hilo. Habari za kuhani na mbuzi zimebaki kama kisomo: kila mwaka adhuhuri ya siku hiyo sinagogi nzima husimuliwa tena kazi ile hatua kwa hatua, na penye kuanguka kifudifudi, wengi bado wanapiga magoti na kugusisha paji la uso sakafuni.

Siku isichokifuta

Sasa ile sheria niliyoitaja. Iko mwishoni mwa Yoma, baada ya mbuzi na uzi na chetezo kumalizika. Mishna inaanza na mjanja: anayesema nitakosa kisha nitatubu, nitakosa tena kisha nitatubu, hapewi nafasi ya kutubu. Anayesema nitakosa na Yom Kippur itanifutia, Yom Kippur haimfutii. Halafu inakata moja kwa moja: makosa kati ya mtu na Mungu, Yom Kippur huyafuta, makosa kati ya mtu na mwenzake, Yom Kippur haiyafuti mpaka amridhishe mwenzake.

Yaani uliyemdhulumu akiwa hajaridhika, hata ukifunga mpaka uanguke, faili lake bado liko wazi. Mungu hasamehi deni la mtu mwingine. Ukimkopa jirani shilingi laki moja ukakana, utamrudishia laki yake kwanza, kisha utamwomba radhi, halafu ndipo utakapokuwa na la kuzungumza na Mola wako.

Kwa hiyo sehemu ngumu ya siku hii hutangulia siku yenyewe. Mwezi wa Eluli, unaotangulia Tishri, na zile siku kumi zinazoanzia Rosh Hashana, mwaka mpya, ni msimu wa kubisha hodi. Marabi wanasema vitabu vya hukumu hufunguliwa mwaka mpya na kutiwa muhuri Yom Kippur. Ndiyo maana watu hutakiana "muhuri mwema". Katikati hapo ndugu waliogombana hupigiana simu na mtu hurudi kwa mfanyakazi aliyemtukana. Wapo pia wanaotuma ujumbe mmoja kwa kundi zima la simu, "kama nimekukosea naomba unisamehe," na marabi wao hulalamika, kama masheikh wetu wanavyolalamikia ujumbe wa namna hiyo mwezi wa Ramadhani unapokaribia. Aliyekosewa lazima atajwe, na kosa lijulikane.

Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, ina kisa kinachoonesha jambo hili lilivyo na makali. Rav, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa karne ya 3, alikuwa na ugomvi na mchinjaji, na mchinjaji ndiye mwenye kosa. Mkesha wa Yom Kippur ukafika, mtu hakutokea kuomba radhi. Rav akasema, basi nitakwenda mimi kumpa nafasi. Njiani akakutana na mwanafunzi wake, Huna, aliyemwuliza anakokwenda. "Kumpatanisha fulani." Huna akajisemea moyoni: anakwenda kumwua mtu. Rav akafika, akasimama mbele ya mchinjaji aliyekuwa ameketi akipasua kichwa cha mnyama. Yule akainua macho. "Ni wewe? Nenda zako, sina shughuli na wewe." Akaendelea kupasua. Mfupa ukaruka kutoka kwenye kile kichwa, ukampiga shingoni, akafa.

Kisa hiki hakinipi raha. Ukikisoma haraka ni onyo kwa mwenye kiburi. Ukikirudia unaona Huna alijua kitu ambacho mwalimu wake hakukiona: kumsimamia mtu mlangoni na utakatifu wako, ukisubiri aombe radhi, nako ni kumbana. Talmudi haikusema nani alikosea zaidi. Imeuacha mfupa uruke.

Toba kwa Kiebrania ni teshuva, kurudi. Musa bin Maimun, tabibu na mwanasheria aliyezaliwa Kordoba mwaka 1138 na kufia Misri mwaka 1204, aliipanga vizuri: mtu aache kosa, ajute, aazimie kutolirudia, akiri kwa mdomo. Na toba kamili utaijuaje? Ni pale mtu anapokutana na nafasi ile ile, nguvu anazo, hakuna anayemwona, naye akajizuia. Mzee aliyeacha wizi kwa kuwa magoti yamekufa bado hajafika hapo.

Kufunga, na wasiofunga

Siku za Kiyahudi huanza jua likizama, kama ilivyo kwa watu wa pwani wanaoita usiku wa Alhamisi "usiku wa Ijumaa". Mwaka 2026, kwa mfano, Yom Kippur inaingia magharibi ya Jumapili tarehe 20 Septemba na kutoka Jumatatu usiku. Ni saa 25 hivi. Hakuna daku: ukimaliza mlo wa alasiri na jua likazama, ndiyo imetoka hiyo, mpaka nyota za kesho yake. Kula siku ya tisa kwenyewe ni ibada. Talmudi inasema anayekula na kunywa tarehe 9 huhesabiwa kama aliyefunga tarehe 9 na 10.

Makatazo ni matano: kula na kunywa, kuoga, kujipaka mafuta, kuvaa viatu vya ngozi, na tendo la ndoa. Lile la viatu ndilo linaloleta mandhari ya ajabu kuliko yote. Simama mlangoni mwa sinagogi jioni hiyo uone wanaume waliovaa suti nadhifu na tai, na chini ndala au raba za kitambaa. Juu ya suti wengine huvaa joho jeupe la kitani. Nyeupe ni rangi ya malaika, husema; lakini joho hilo hilo ndilo watakalozikwa nalo. Mtu anasali akiwa amevaa sanda yake.

Watoto hawafungi mpaka wasichana wafikie miaka 12 na wavulana 13. Mgonjwa naye ana sheria yake, na hapa marabi walikuwa wapole kupita nilivyotarajia. Daktari akisema mgonjwa ale, anakula, hata mwenyewe akikataa. Mgonjwa akisema nahitaji kula na madaktari mia wakasema hahitaji, anasikilizwa mgonjwa, kwa sababu imeandikwa katika Mithali kwamba moyo huujua uchungu wake. Siku hizi wengine hushauriwa kula punje ndogo ndogo kwa kuachanisha dakika kadhaa, wasifike kipimo kinachohesabiwa kuwa ni kufungua. Mwaka 1848 kipindupindu kilipoishika Vilna, Rabi Israel Salanter aliwatangazia watu wasifunge Yom Kippur ile. Kuokoa uhai kunaishinda hata Siku hii.

Na kuku wa kafara

Msomaji wa Kiswahili atashtuka kidogo hapa. Katika baadhi ya jamii za Kiyahudi upo mpaka leo mtindo uitwao kaparot. Kabla ya Yom Kippur mtu hushika kuku hai, jogoo kwa mwanamume na tetea kwa mwanamke, akamzungusha juu ya kichwa mara tatu akisema: huyu ni badala yangu, huyu ni mbadala wangu, huyu ni kafara yangu, kuku huyu ataenda mautini nami niende kwenye maisha marefu mema. Kisha kuku huchinjwa na nyama au thamani yake hupewa maskini.

Kuku wa kafara, neno kwa neno. Ila marabi wenyewe waligawanyika juu yake. Yosef Karo, mwandishi wa Shulhan Arukh, kitabu cha sheria cha karne ya 16, alisema mtindo huo uzuiwe. Mose Isserles wa Krakow, aliyeandika maelezo ya pembeni ya kitabu hicho hicho, akasema ni desturi ya wazee wetu, isiachwe. Wengine walionya kwamba mtu asihangaike kutafuta kuku mweupe hasa, maana kuchagua rangi kunafanana na uganga wa wapagani. Aliyewahi kutumwa sokoni atafute kuku mweupe asiye na doa atacheka. Wengi siku hizi huzungusha fedha kwenye kitambaa, kisha wakazitoa sadaka.

Kila nadhiri

Jioni inapoingia, kabla jua halijazama kabisa, kabati la Torati hufunguliwa na hati-kunjo hutolewa. Watu wawili husimama kulia na kushoto kwa kiongozi wa sala, wote watatu wakawa kama baraza la mahakama. Kwanza hutangaza kwamba ni halali kusali pamoja na waliovunja sheria. Kisha kiongozi huimba mara tatu, sauti ikipanda kila mara, maneno yanayoitwa Kol Nidre.

Kol ni kila, nidre ni nadhiri. Kila nadhiri: hapa tena Kiswahili hakihitaji kamusi. Watu hulia wakiyasikia, na asiyejua Kiaramu hudhani ni sala yenye uchungu mkuu. Kumbe ni maneno makavu ya kisheria yanayobatilisha nadhiri na viapo. Halimo ombi hata moja. Wakuu wa vyuo vya Babeli walilipinga tamko hili. Amram Gaon, karne ya 9, aliliita desturi ya kipuuzi. Watu waliendelea nalo. Katika karne ya 12 Rabenu Tam wa Ufaransa alitetea kwa nguvu mabadiliko ya wakati wa vitenzi, lihusu nadhiri za mwaka ujao badala ya zilizopita.

Maneno hayo yaliwaletea Wayahudi balaa. Maadui zao walisema: tazameni, watu hawa wanafuta viapo vyao mapema, msiwaamini mahakamani wala kwenye biashara. Hoja hiyo iliibuka hata kwenye mdahalo wa Paris mwaka 1240, Talmudi iliposhtakiwa mbele ya malkia, na Rabi Yehiel akalazimika kuijibu. Jibu halijabadilika: kinachobatilishwa ni nadhiri za mtu na Mungu wake, zile za kusema sitakula hiki au nitafanya kile, tena za kusahau au za pupa. Uliyomwahidi mtu, unamdai au anakudai, hayamo. Ni mpaka ule ule wa Mishna.

Usiku huo na kesho yake kuna sala tano. Siku za kawaida ni tatu. Ndani yake ungamo hurudiwa mara kumi, kifua kikigongwa kwa ngumi taratibu kila kosa linapotajwa. Limepangwa kwa herufi za alfabeti, kama shairi la alifu na bee, na lote liko kwa wingi: tumekosa, tumesaliti, tumeiba, tumesengenya. Hakuna anayesimama kutaja lake peke yake mbele za watu. Orodha ndefu ina riba, rushwa ya kutoa na ya kupokea, kukaza shingo, jicho la husuda, lakini ukiihesabu unaona mdomo ndio unaoshtakiwa kuliko kiungo kingine chochote.

Asubuhi husomwa sura ile ya mbuzi wawili, ikifuatiwa na Isaya akiwakemea wanaoinamisha vichwa kama unyasi huku wakiwakandamiza vibarua wao. Alasiri, njaa ikiwa imekaza, husomwa kitabu chote cha Yona, nabii aliyekasirika kwa sababu adui zake walitubu wakasamehewa. Sala ya mwisho, Neila, maana yake ni kufunga lango. Kabati huachwa wazi na wanaoweza husimama muda wote. Giza likishaingia hupulizwa pembe ya kondoo mara moja, ndefu, na watu husema: mwakani Yerusalemu. Kisha wanakula. Wapo wanaopigilia usiku huo huo mti wa kwanza wa kibanda cha sikukuu inayofuata siku tano baadaye.

Mtu akisikia haya yote atasema ni siku ya huzuni. Mishna inakataa. Inasema Israeli hawakuwa na siku za furaha kama mbili tu, mojawapo Yom Kippur, ambapo wasichana wa Yerusalemu walitoka kucheza kwenye mashamba ya mizabibu wamevaa nguo nyeupe za kuazima. Wote waliazima, hata tajiri, asiaibike asiye nayo.

Kwa majirani

Siku hii imeacha alama nje ya Uyahudi, nyingine karibu nasi kuliko tunavyodhani. Hadithi ya Ibn Abbas inaeleza kwamba Mtume alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wakifunga Ashura, wakasema ndiyo siku Mungu alipomwokoa Musa. Ashura maana yake ni ya kumi, na wanahistoria wengi wanaihusisha na kumi ya Tishri. Kwa Wakristo, Waraka kwa Waebrania umejengwa juu ya kuhani huyu aingiaye nyuma ya pazia mara moja kwa mwaka. Wasabato wa Kisii, Mara na Upare wana uhusiano wa karibu zaidi: tarehe 22 Oktoba 1844, ambayo wafuasi wa William Miller kule Marekani walimngojea Kristo, ilichaguliwa kwa sababu walihesabu kuwa ndiyo Siku ya Upatanisho kwa kalenda ya Wakaraiti, Wayahudi wasiofuata sheria za marabi.

Halafu kuna tarehe 6 Oktoba 1973. Yom Kippur nchini Israeli hata wasiosali huegesha magari. Viwanja vya ndege hufungwa, redio hunyamaza, watoto huendesha baiskeli katikati ya barabara kuu. Saa nane mchana siku hiyo Misri na Syria zilishambulia. Waarabu huviita vita vya Ramadhani, maana ilikuwa Ramadhani 10, kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa na waliofunga. Mwaka ule ule nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, zilikata uhusiano na Israeli.

Na wapo wanaoiadhimisha hapa hapa Afrika Mashariki. Nairobi ina sinagogi tangu enzi za ukoloni. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, waliofuata njia aliyoianzisha Semei Kakungulu mwaka 1919 na kuishikilia hata Idi Amin alipoipiga marufuku.

Limebaki swali moja ambalo kila mtu huuliza akifika hapa. Umekwenda, umeomba radhi, mwenzako kakataa. Je? Sheria inasema rudi mara ya pili na ya tatu, ukiwa na watu watatu. Akikataa mara tatu, muache. Sasa mwenye kosa ni yeye. Kama amekufa, chukua watu kumi uende kaburini kwake ukayaseme hapo.

Lakini Talmudi, mara tu baada ya kisa cha mchinjaji, inamrudisha Rav. Siku moja alikuwa akisoma mbele ya mwalimu. Akaingia mwanazuoni, Rav akarudia mwanzo kwa heshima yake. Akaingia wa pili, akarudia. Wa tatu, akarudia. Akaingia Rabi Hanina bar Hama. Rav akasema, nitarudia mara ngapi? Akaendelea. Hanina akaumia. Rav alimwendea mkesha wa Yom Kippur, Hanina akakataa. Akamwendea mwaka uliofuata, na uliofuata, mikesha kumi na mitatu. Marabi wanauliza, si mara tatu zinatosha? Wanajibu: Rav ni Rav. Na Hanina, mbona hakusamehe? Alikuwa ameota Rav ametundikwa juu ya mtende, akaelewa kwamba kijana huyu atakuwa mkuu, akamkatalia makusudi ili aondoke akafundishe Babeli. Rav alikwenda kweli, akaanzisha chuo cha Sura kilichodumu karne nyingi. Kama aliwahi kusikia neno "nimekusamehe", Talmudi haisemi.